Kelele za ekzosi zisitufiche hatari iliyo chini ya gari

KILA mjadala kuhusu magari yaliyofanyiwa ukarabati wa kibinafsi unapozuka nchini, kinacholengwa ni ekzosi. Wakazi wa mitaa hulalamikia mngurumo wa Subaru usiku wa manane, nazo kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira hutajwa tena. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haisikiki, nayo imo pale ekzosi mpya inapokutana na springi mpya.

Kampuni inayounda gari huvipanga viwili hivi kwa pamoja. Bomba la moshi hupindwa likaiepuka ekseli, mikono ya magurudumu na paipu za breki, na palipobana hutiwa bati la kukinga joto. Mwenye gari wetu huvitenganisha. Ekzosi huchomelewa na fundi mmoja, pengine huko Grogan, akilipitisha bomba popote palipo na nafasi siku hiyo. Miezi kadhaa baadaye fundi wa pili hufunga springi fupi, shokomzoba ngumu au chuma kinene cha kuzuia gari kulala kwenye kona. Hakuna kati yao aliyelipwa kuitazama kazi ya mwenzake.

Kosa la kawaida hutokea gari likiwa juu ya jeki. Magurudumu yananing'inia, ekseli imeshuka, na nafasi kati yake na bomba linalopita juu yake yaonekana pana. Gari likishushwa, likapakia watu watano na mizigo, kisha likapita tuta kwa kasi, ekseli hupanda na nafasi ile hutoweka. Lile lililoinuliwa kwa spesa, jambo ambalo Wakenya wengi hulifanya kwa sababu ya barabara zetu, hupata tatizo la kinyume: ekseli hushuka mbali na bodi, na bomba linalopita chini yake ndilo linalogongwa. Isitoshe, injini hucheza juu ya mipira yake kila dereva akanyagapo mafuta, na chuma cha ekzosi hurefuka kikipata moto.

Kugongana kungekuwa kero tu, lau si joto. Karibu na injini, ekzosi hufikia mamia ya nyuzi za selsiasi. Bushi za mpira zikikaa hapo hukauka na kupasuka, na gari huanza kuyumba. Paipu ya breki ikilainika kwa joto hilo, dereva huenda akalijua jambo hilo akiwa kwenye mteremko. Fundi makini hupima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limepakiwa, na usukani umezungushwa hadi mwisho pande zote mbili. Bati la kukinga joto na kulipinda bomba upya ni gharama ndogo kando ya bei ya springi zenyewe.

Je, nani atakagua? Kanuni za marehemu John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 zililenga matatu na magari mengine ya uchukuzi wa umma. Magari ya mitumba, ambayo hayafai kuzidi miaka minane, hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, ilhali mabadiliko haya hufanywa baada ya kuwasili. Rasimu ya kanuni iliyotolewa mwaka wa 2025 na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA) ilipendekeza magari ya kibinafsi yaliyopitisha miaka minne yawe yakikaguliwa. Wengi waliiona kama njia nyingine ya kuwatoza ada, na hofu yao inaeleweka.

Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni namna ya kukagua. Kituo kitakacholiinua gari kwa fremu, magurudumu yakining'inia, kisha mkaguzi akamulika tochi na kutia sahihi, kitakuwa kimerudia kosa lile lile la gereji.