Tufungulieni maabara, hakathoni zimetosha

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na siku hizi nakula kwa kontenti. Kwa hivyo wasee wengi hudhani niko ile timu ya "degree ni karatasi tu, hata Zuckerberg aliacha." Leo mtanisamehe, leo natetea chuo. Ama niseme vizuri: natetea kilicho ndani ya chuo, dhidi ya wale wamekikalia.

Sikia. Apu unaweza kuitengeneza kwa bedsita ya Umoja, na laptop ya mtumba na waifai ya jirani. Ikikataa, unafuta, unaanza upya. Lakini dawa huwezi. Kipimo cha ugonjwa huwezi. Chanjo ndio usiseme. Hizo zinataka maabara, friji isiyozima stima ikipotea, kemikali za bei, miaka, na mtu amesoma mpaka akaiva. Zile story za kuacha shule na kuomoka ni story za apu. Hakuna mtu aliacha shule Kayole akavumbua chanjo kwa balcony ya keja.

Na hapo ndio tunapigwa chenga. Kila mwezi kuna hakathoni. T-shati ya bure, samosa mbili, siku mbili za kupichi, mshindi anapewa cheki ya kadibodi kubwa kama mlango, anapigwa picha na mheshimiwa. Wiki tatu baadaye lile wazo limezikwa na hakuna aliyeenda matanga. Mwaka ujao tunaitwa tena, tunaambiwa vijana wakuje na mawazo.

Mawazo tuko nayo. Watafiti wenye akili tuko nao. Kinachokosekana ni kipande cha katikati: kutoka siku mtafiti anasema "imefanya kazi" mpaka siku mama wa Dandora anainunua dukani. Kujaribu mara mia, kupima usalama, kupata cheti, kuandikisha hataza, yaani ile haki ya kisheria ya kusema huu uvumbuzi ni wangu. Hicho kipande ni ghali, kinachosha, hakina picha nzuri, na hakuna mkubwa anataka kukilipia.

Mnataka mfano? Tuanze mtaani. Majengo, Pumwani.

Kuanzia miaka ya themanini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walifuatilia wanawake wa Majengo waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Wengi waliambukizwa HIV. Lakini kuna wachache walikaa miaka na miaka wakikutana na virusi na bado hawakuambukizwa. Dunia nzima ya sayansi ikashtuka. Damu ya hao akina mama ikafunza wanasayansi jinsi mwili unaweza kujikinga, na kutoka hapo watafiti wa Oxford wakishirikiana na wa Nairobi wakaanza kuunda chanjo ya majaribio.

Sasa ikafika mambo ya hataza. Mwaka wa 2000 ikajulikana kwamba ombi la hataza lilikuwa limepelekwa Uingereza na majina ya Wakenya hayako. Zero. Kelele ikapigwa hapa nyumbani, magazeti yakaandika, ndipo wakakaa chini kuzungumza jinsi ya kugawana haki. Chanjo yenyewe mwishowe haikufaulu, na sisemi uongo kuiremba. Lakini jiulize: ingefaulu, na hakuna mtu amepiga kelele, kampuni ingefunguliwa wapi? Si Pumwani. Sisi tungekuwa wateja. Tungenunua kitu kilichotoka kwa damu ya mama zetu, kwa bei ya dola.

Wengine mtasema hayo ni ya kitambo, siku hizi tumeamka. Haya, twende karibu.

Nzambi Matee mnamjua, yule wa Gjenge Makers anayegeuza plastiki na mchanga kuwa matofali ya kupanga chini. Mwaka wa 2020 UNEP ilimpa tuzo ya Young Champion of the Earth. Tulimposti wote, tukajivunia. Lakini nani alisoma story yote? Aliacha kazi 2017 akaanza majaribio nyuma ya nyumba ya mamake. Mashine ilikuwa na kelele mpaka majirani wakalalamika, ikabidi awaombe wamvumilie mwaka mmoja. Na alipopata nafasi ya mafunzo Marekani, alibeba sampuli zake, akatumia maabara za Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder kunoa vipimo vya mchanga na plastiki.

Soma hiyo tena polepole. Takataka ni ya Nairobi. Msichana ni wa Nairobi. Shida ni ya Nairobi, na dampo tunaliona Dandora kila siku. Lakini mashine ya kupima tofali ilipatikana kwa urahisi Colorado. Hapa mjini kuna vyuo vina idara za uhandisi. Technical University of Kenya iko Haile Selassie, kutoka Gikomba unatembea tu. Sasa wewe fundi wa Kamukunji, ama msee wa Kariobangi Light, jaribu kuenda geti la chuo chochote useme nimeunda kitu, nataka mnipimie nguvu yake. Soja atakuuliza kitambulisho cha mwanafunzi. Hapo ndipo sayansi yako inaishia.

Na hata ukiwa ndani si ati uko sawa. Chuo nilichosomea, nisikitaje, kulikuwa na mashine imefunikwa na shuka semista nzima kwa sababu mtu mmoja ndiye ana ufunguo na mtu mwenyewe haonekani. Karo tunalipa, mashine inalala.

Ukiuliza, jibu ni moja: pesa hakuna. Sasa hapa ndio nataka mkae macho.

Kuna sheria inaitwa Science, Technology and Innovation Act, ya 2013. Imeunda NACOSTI, imeunda KENIA ya ubunifu, na imeunda National Research Fund. Na imeandika kwamba kila mwaka wa fedha, Hazina itaweka kwa huo mfuko asilimia 2 ya pato la taifa. Hiyo si ahadi ya kampeni, ni sheria ya Kenya. Pato la taifa 2023 lilikuwa kama shilingi trilioni 15. Asilimia 2 ni bilioni 300. Bilioni, si milioni. Huo mfuko haujawahi kuona hata kivuli cha pesa kama hizo. Mimi nikivuka barabara vibaya kanjo ananishika. Hazina ikivunja sheria zaidi ya miaka kumi mfululizo, tunaitwa kwa hakathoni.

Najua mwenye atakuja kwa komenti aseme hospitali hazina dawa, wahadhiri wanagoma, na wewe unataka pesa za majaribio ambayo mengi yatafeli. Hoja yako nimeiskia, na nusu yake ni kweli. Mengi yatafeli. Ya Majengo ilifeli. Ndiyo maana benki haitakukopesha na ndiyo maana mjomba wako mwenye duka hawezi kuweka pesa yake hapo. Kitu chenye hatari hivyo kinabebwa na watu wote pamoja, yaani serikali.

Na usiniambie haifanyi kazi, kwa sababu unaitumia kila siku. M-Pesa. Weka kando story za jaba kuhusu nani aliibiwa wazo. Kilichoandikwa ni hiki: serikali ya Uingereza kupitia DFID ilitoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka mkono wake pia. Wakafanya majaribio 2005 hapa Kenya na Faulu. Mpango wa kwanza ulikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini kwenye majaribio wakaona watu wanatumiana tu pesa, wanafanya mambo yao. Ndipo ikazinduliwa Machi 2007 kama njia ya kutumiana. Bila ile pesa ya kujaribu, hakuna mtu angejua wateja wanataka nini. Mlipa kodi wa Uingereza alibeba hatari ya kitu tunachotumia kununua mutura. Mlipa kodi wa Kenya alikuwa wapi? Alikuwa analipa, lakini pesa yake ilikuwa inaenda pengine.

Halafu kuna swali la nani ni mwenye mali. Sheria yetu ya Industrial Property ya 2001 inasema ukivumbua kitu ukiwa kazini, na mkataba wako hausemi tofauti, hataza ni ya mwajiri. Sawa, chuo kilinunua mashine, kina haki. Shida ni chuo kushika hataza kama shamba la kurithi: hakilimi, hakikodishi, hakiuzi. Mtafiti anaona hana chake, anaandika makala yake apandishwe cheo, anaenda nyumbani.

Angalia wengine. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi Stanford wakati wanaunda Google. Hataza ya ile mbinu ya kupanga matokeo ilikuwa ya chuo. Stanford haikuikalia. Iliwapa leseni, ikachukua hisa, na ilipoziuza ikapata kama dola milioni 336, kufikia 2005. Wanafunzi wakaomoka, chuo kikaomoka. Hakuna aliyepewa cheki ya kadibodi.

Kwa hivyo mimi sitaki tena kuitwa jaji wa kupichi, na wale wananitumia tangazo la "inspire the youth" wasijisumbue. Nataka vitu vitatu.

Moja, Hazina itii sheria ya 2013. Kama asilimia 2 ni ndoto, basi waende Bunge waibadilishe mchana, kila mbunge apige kura tukiona, aseme wazi kwamba sayansi si kitu kwake. Kuivunja kimyakimya ni madharau.

Mbili, kila chuo cha umma kiweke hadharani orodha ya mashine zake, saa za kufunguliwa, na bei ya mtu wa nje kuzitumia. Bei ya jua kali, si bei ya NGO. Jumamosi ya fundi wa Kamukunji ndani ya maabara itazaa kampuni nyingi kuliko hakathoni kumi.

Tatu, mkataba wa kurasa chache kabla kazi haijaanza. Mtafiti anapata ngapi, mwanafunzi aliyekesha maabara anapata ngapi, chuo ngapi, na kama damu ama maarifa yalitoka kwa watu wa mtaa fulani, wao wanapata nini. Majengo isirudiwe.

Finance Bill 2024 tuliisoma kifungu kwa kifungu, tukaitafsiri kwa lugha za nyumbani, tukaichora kwa video za sekunde sitini, na mwishowe ikaondolewa. Hii Act ya 2013 si ngumu kuliko ile. Iko wazi kwa intaneti, bure.

Kwa hivyo wewe uko chuo saa hii, hii wiki ingia ofisi ya utafiti uulize swali moja tu: nikivumbua kitu hapa, changu ni asilimia ngapi, na imeandikwa wapi? Uliza kwa heshima, wengi wao ni wazee wetu na wao pia wamechoka na kusahauliwa. Jibu utakalopewa, ama ukiambiwa urudi kesho, niletee kwa inbox. Nitapanga yote, chuo kwa chuo, niyaposti hapa tulinganishe. Na wewe fundi wa Kariobangi uko na kitu umeunda na hujui wapi pa kukipima, niandikie pia. Tukiwa kumi tunaenda geti moja pamoja, tuone kama soja atatuuliza kitambulisho.