Amri ya Afya Isije Peke Yake

Ndugu Wafanya Kazi,

Hakuna kati yetu apendaye maradhi. Yakiingia mjini, sisi tunaolala watu sita chumba kimoja ndio tunaoanza kuugua. Kwa hivyo mtu asiseme ya kwamba wafanya kazi wanapinga amri za afya. Neno letu ni hili: amri ya afya isije peke yake. Ije pamoja na chakula, maji na mshahara, la sivyo hugeuka kuwa adhabu ya maskini.

Jambo hili si geni. Nairobi ilizaliwa na reli mwaka wa 1899. Mwaka wa 1902 tauni ilipoingia katika Bazaar ya Wahindi, wakubwa waliamuru ichomwe moto. Kuwasha moto ni rahisi. Nyumba za kufaa na mifereji ya maji machafu ni gharama. Na tauni ilirudi tena miaka iliyofuata.

Sasa tazameni mwaka wa 2020, Korona ilipofika. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo, kabla ya saa kufika, askari waliwapiga watu waliokuwa wakingoja feri Likoni, Mombasa, na kuwatupia gesi ya machozi. Watu hao walikuwa wakienda nyumbani kama walivyoamriwa! Matatu ya abiria 14 iliambiwa ichukue 8, nauli ikapanda. Mtu atokaye zamu Eneo la Viwanda saa kumi na mbili, akapange foleni, atafikaje Kayole saa moja?

Mwezi wa Aprili ikatoka sheria ya barakoa: asiyevaa atozwe faini hadi shilingi 20,000 au afungwe hadi miezi sita. Wakati huo mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi ulikuwa shilingi 13,572 na senti 90 kwa mwezi. Faini moja yala mshahara wote na deni labaki.

Tena tuliambiwa tunawe mikono mara kwa mara. Neno jema. Lakini Kibera na Mukuru maji hununuliwa kwa mtungi. Hata Pilato alinawa kwa sababu aliletewa maji.

Karani alikaa nyumbani na mshahara wake ukaja. Kibarua na mama mboga wakikaa nyumbani siku moja, siku hiyo hawali. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Wengine watasema, ugonjwa haungoji mashauri. Ni kweli. Ndiyo sababu mashauri yafanywe sasa. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na leo hakuna wa kutuharakisha. Chama kidai mambo matatu mbele ya waajiri na Serikali. Kwanza, azuiwaye kwenda kazini kwa amri ya afya alipwe. Pili, saa za amri zipatane na zamu zetu, na magari yawepo ya kuturudisha. Tatu, maji yafikishwe bure mitaani siku ile ile amri inapotangazwa.

Maradhi mengine yatakuja. Lipelekeni neno hili katika mkutano wa tawi lenu kabla hayajafika.

Wenu katika umoja,
Mfanya Kazi wa Reli, Nairobi