Maarifa ya Nyumbani: Pampu ya Tangi la Samaki Inapogoma

Ndugu msomaji, samaki wa ziwani huletewa hewa na mawimbi. Samaki wa tangini hutegemea pampu ndogo. Pampu hiyo hupitisha maji kwenye sponji ya chujio, na huutikisa uso wa maji ili hewa ipate kuingia. Ikisimama, samaki huja juu wakihema. Aghalabu hugoma umeme unaporudi baada ya kukatika, kwani uchafu ulioshindwa kuizuia ilipokuwa ikizunguka huikaba mara itulipo.

Hapo hapana budi kufuata utaratibu.

Kwanza, usalama wa mtu. Chomoa plagi za vyombo vyote vilivyomo tangini kabla ya kutia mkono majini. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Waya nao uning'inie chini kuliko soketi, ili matone yadondoke sakafuni.

Pili, pumzi ya samaki. Chota maji ya tangi kwa kikombe safi, uyamimine humo humo kutoka juu, mara nyingi, yachanganyike na hewa. Usiwalishe kwa sasa, maana mabaki ya chakula huoza na kuimaliza hewa iliyobaki.

Tatu, pampu yenyewe. Jaribu soketi kwa taa ya mezani, kisha tazama fyuzi ya plagi. Ukiona waya umechubuka au ganda limepasuka, usiifunge kwa utepe. Pampu hiyo haifai tena kuingia majini. Ikiwa nzima, fungua kifuniko cha mbele, utoe kigurudumu chenye mapanga, ambacho kiini chake ni sumaku. Utakuta ute, mchanga, majani au hata konokono mdogo. Sugua kwa mswaki wa zamani. Gaga la chokaa liloweke katika siki kwa nusu saa, kisha suuza sana. Kijiti kikivunjika au sumaku ikivimba, tafuta spea hiyo kwanza kabla ya kununua pampu nzima.

Pampu inayovuma bila kusukuma maji huenda imeshika hewa. Ikiwa haijachomekwa, izamishe na kuiinamisha mpaka mapovu yaishe. Kamwe usiiwashe pakavu, maana maji ndiyo yanayoipoza.

Akina mama na akina baba, sponji isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Humo huishi bakteria wenye manufaa, wapunguzao sumu itokanayo na kinyesi cha samaki. Ikamue katika ndoo ya maji ya tangi. Ikiwa pampu ilisimama kwa saa nyingi, fanya hivyo kabla ya kuiwasha, usije ukasukuma uozo kwa samaki.

Askari ajua kuwa bunduki iliyokwama haitupwi. Hufunguliwa, ikasafishwa, ikakaguliwa. Pampu nayo yataka hivyo, tena kila mwezi, bila kungoja igome.

Hadi wiki ijayo.