Debora si asali tu

Jina Debora likifafanuliwa kwenye ibada ya akina mama, najua kinachofuata: nyuki, kwa hiyo bidii, kwa hiyo utamu, kwa hiyo kuhudumu bila kulalamika.

Kwa nyuki sina ugomvi. Kiebrania ndivyo kinavyosema. Ugomvi wangu ni huo utamu. Katika Biblia ya Kiebrania nyuki ametajwa mara nne tu. Kumbukumbu la Torati 1:44, Waamori wanawafukuza Waisraeli kama nyuki. Zaburi 118:12, maadui wamemzunguka mtu kama nyuki. Isaya 7:18, nyuki ni jeshi la Ashuru. Asali inaonekana mara moja, Waamuzi 14:8, tena ndani ya mzoga wa simba! Mfano wa bidii alipewa chungu, Mithali 6. Nyuki mchapakazi aliongezwa hapo na tafsiri ya kale ya Kigiriki. Sasa kwa nini binti anayeitwa Debora apewe asali peke yake, mwiba ufichwe?

Halafu kuna ile hoja nyingine, eti Mungu alimtumia Debora kwa sababu wanaume walikwama. Hebu tusome Waamuzi 4 kwa mpangilio wake. Mstari wa 4 na wa 5, Debora ni nabii, tayari ni mwamuzi, anaketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, na watu wanapanda kwake na kesi zao. Baraka anasitasita mstari wa 8. Atakuwaje amempa kazi mtu aliyemkuta kazini, tena aliyemwita yeye? (Huyo Baraka, kwa njia, si baraka yetu ya Kiswahili. Jina lake kwa Kiebrania ni umeme. Na "mke wa Lapidothi" huweza pia kusomwa "mwanamke wa mienge".)

Ukibanwa zaidi utaletewa Waebrania 11:32, anapotajwa Baraka na Debora hayumo. Sawa, hayumo. Lakini mwandishi wa orodha ile anakiri palepale kwamba muda haumtoshi. Anayeitumia kumnyima mwanamke madhabahu atuonyeshe kwanza ni mstari upi katika Waamuzi 4 unaomwita Debora mbadala. Mimi nimeutafuta, haupo.