Data ya simu inaweza kuokoa mto wa mtaa wako

Mvua kubwa ikinyesha jijini, mito Nairobi, Ngong na Mathare husomba plastiki na majitaka hadi Mto Athi. Athi nao hugeuka jina kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Uchafu wa mtaani hatimaye unakuwa shida ya mvuvi wa Pwani.

Vijana wamejitokeza mara nyingi kuokota taka mtoni. Hiyo ni poa, ila taka hurudi kwa sababu chanzo chake kiko juu huko, mahali ambapo hakuna aliyeangalia. Hapa ndipo simu inaingia.

Fungua Google Earth, bila malipo, uanzie kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, mto Nairobi unakotoka. Ufuate polepole hadi mtaani kwenu. Kwenye kompyuta unaweza kulinganisha picha za miaka ya nyuma na za sasa, uone majengo yalivyousogelea mto. Global Forest Watch nayo inaonyesha miti iliyopotea tangu 2001.

Je, maji yenyewe? Kuna miniSASS, mbinu iliyoanzia Afrika Kusini. Unainua mawe mtoni, unatambua makundi ya wadudu walio chini yake, unapata alama na kuziweka kwenye ramani mtandaoni. Wadudu wengine hutoweka maji yakichafuka kidogo tu, ilhali minyoo hustahimili. Lakini usichanganye mambo: alama nzuri haimaanishi maji ni ya kunywa. Na pale majitaka yanapopita wazi, usiingie.

Kiwango cha kisheria pia kipo mtandaoni. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilisema chanzo cha maji ya nyumbani kiwe na pH kati ya 6.5 na 8.5, na kusiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100.

Tatizo ni kwamba ramani hizi zote hazitakuambia kiwanda cha jirani kinamwaga nini. Habari hiyo iko afisini, na ni haki yako kuiomba. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakupa nguvu hiyo. Andika kwa Nema au Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kwa Kiswahili ukitaka. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na jibu lazima litoke ndani ya siku 21.

Taja mto, mahali na tarehe, uambatanishe picha zako. Wakikuacha kwa blutiki, peleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Kundi la vijana kumi likifanya hivyo kila msimu wa mvua, afisi hizo zitalazimika kupima mto mara kwa mara.