Kamera Iliyotulia na Dunia Izungukayo

Wako wanaoshikilia kwamba shule isiyo na mtambo wa kuigeuza kamera ili ifuate nyota haiwezi kupiga picha za anga zenye faida. Rai hiyo haina budi kupingwa, kwani yawanyima wanafunzi somo ambalo mtambo wenyewe hulificha.

Mtambo wa namna hiyo huenda kwa kasi ileile ya dunia, kwa upande wa kinyume, ili nyota zitokee pichani kama nukta. Una manufaa kwa mtaalamu anayetafuta nyota hafifu. Lakini mwanafunzi hutakiwa kwanza athibitishe kwamba dunia huzunguka, na ushahidi wa jambo hilo ni mstari unaochorwa na nyota mbele ya kamera isiyosogea.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Katika usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa, kamera yenye lenzi ya milimita 50 na filamu ya upana wa milimita 36 husimamishwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikaelekezwa kwenye nyota tatu za ukanda wa Orioni na kuachwa wazi kwa dakika 20. Kwa kamera ya kidijitali yenye kipimo hichohicho, picha fupi zilizofuatana huunganishwa. Upana wa picha hiyo hubeba nyuzi 40 hivi za anga. Rula itaonyesha kwamba mstari wa kila nyota ni karibu sehemu moja ya nane ya upana huo, yaani nyuzi 5. Basi saa moja ni nyuzi 15, na mzunguko mzima wa nyuzi 360 ni karibu saa 24.

Tena, nchi zilizo karibu na Ikweta zina bahati. Vitabu vingi huonyesha duara zinazoizunguka Nyota ya Kaskazini, ambayo haionekani Dodoma, nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Hapo ukanda wa Orioni huchora mistari iliyokaribia kunyooka. Mistari ya Kilimia hupinda kuelekea kaskazini, na ya Msalaba wa Kusini hupinda kuelekea kusini. Mwanafunzi wa London hauoni Msalaba huo kamwe.

Shule inayongoja mtambo ndipo itazame juu huwafunza vijana kwamba sayansi ni mali ya wenye vifaa. Kamera moja, hata ya kuazima, na mwalimu aliye tayari kuchelewa kulala, vyatosha kuanzia.