Herufi Moja Iliyomtia Mzee Mashakani

Jumapili iliyopita, nilipokuwa barazani nikingojea chai, alinijia jirani yangu mmoja, mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amekuwa mtunza stoo katika kampuni moja ya hapa mjini. Mkononi alikuwa na bahasha iliyokwisha kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe kazi yako ni maneno. Hebu nisomee hii, maana naona nimejichimbia kaburi kwa mkono wa binti yangu mwenyewe."

Kisa chenyewe ni hiki. Katoni kadhaa za sabuni zilipotea stoo, na mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikutwa nyuma ya mizani, mahali ambapo yeyote apitaye angeweza kuuokota. Mzee aliandikiwa barua ya Kiingereza kutakiwa aeleze iwapo ni yeye aliyeuacha hapo. Naye, kwa kuona ni heshima kujibu kwa lugha ileile, akamwita binti yake aliyeko kidato cha tatu, akamwambia: "Andika kwamba mimi siwezi kamwe kuuweka ufunguo pale." Binti akaandika: "I'd never put the key there."

Majibu ya ofisi yalikuja baada ya siku tatu: kwa kuwa umekiri kwamba kabla ya siku ile hukupata kuuweka ufunguo pale, tueleze ni kwa nini siku ile uliuweka.

Ndugu msomaji, usimcheke binti huyu. Sentensi yake haina kosa lolote la sarufi. Kilichomponza baba yake ni ile "d" ndogo iliyofuata alama ya ritifaa, alama ileile tuiandikayo katika neno ng'ombe. Kwa Kiingereza, "d" hiyo ina wazazi wawili. Mara nyingine ni ufupisho wa "had", na mara nyingine ni ufupisho wa "would". Binti alikusudia "would", yaani nisingeuweka kamwe. Ofisi ikasoma "had", yaani nilikuwa sijapata kuuweka. Katika Kiswahili maneno hayo mawili yako mbalimbali kama mashariki na magharibi, lakini katika Kiingereza cha mkato yamevaa kanzu moja.

Basi tutayatambuaje? Aghalabu kitenzi kinachofuata ndicho shahidi. Baada ya "had" huja ile sura ya tatu ya kitenzi ambayo watoto wetu huikariri shuleni: go, went, gone. Baada ya "would" huja sura ya kwanza. Kwa hiyo "I'd gone" ni nilikuwa nimekwenda, na "I'd go" ni ningekwenda. Hapo hakuna utata.

Taabu huanza na vitenzi ambavyo sura yake ya kwanza na ya tatu ni moja: put, cut, shut, come, run. Ukisema "He'd come", msikilizaji hajui kama mtu huyo alikuwa amekuja ama angekuja. Hapo ndipo vielezi vinapotufaa. Ukitia "already", ambayo ni sawa na ile "kwisha" yetu, au "just", ambayo hapa ina maana ya ndiyo kwanza, sentensi hutulia. "He'd already come" ni alikuwa amekwisha kuja. "He'd just shut the door" ni ndiyo kwanza alikuwa amefunga mlango. Kwa upande mwingine, ukikuta "rather", jua kwamba "d" hiyo ni "would": "I'd rather come tomorrow", ni afadhali nije kesho. Lakini jihadhari na "I'd better", yaani inafaa nifanye. Hapo ni "had", ingawa kitenzi kifuatacho huwa katika sura ya kwanza.

Wako vigeugeu wawili: "never" na "always". Hawa hukaa vizuri na "had", na hukaa vizuri vilevile na "would". Wakikutana na kitenzi kama "put", hakuna shahidi anayebaki. Hilo ndilo shimo alimotumbukia mzee wetu.

Mahali pa kielezi hapana ugumu kwa Mswahili. Sisi husema "nilikuwa nimekwisha kula", kisha ulimi ukafupisha ukasema "nilikuwa nimeshakula". Tazama "sha" ilivyokaa: imetanguliwa na alama ya wakati, ikafuatiwa na kitenzi chenyewe. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo: "I'd already eaten". Kwanza "d", kisha kielezi, kisha kitenzi. Ukikumbuka mahali pa "sha", hutapotea. Vielezi vya siku, kama vile "yesterday", havikai katikati. Hivyo huenda mwisho au mwanzo wa sentensi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba wakati huu hutaka matukio mawili, moja likiwa limetangulia jingine. "I'd just locked the store when the driver arrived": kufunga stoo kulitangulia, dereva akafika baadaye. Kama tukio ni moja tu, usijitaabishe na "had". Sema "I locked the store yesterday", inatosha. Tena, ukiulizwa swali na kujibu kwa ufupi, usikate neno. Jibu ni "Yes, I had", wala si "Yes, I'd". Ufupisho huu hauwezi kusimama mwishoni mwa sentensi; lazima uegemee kitu mbele yake.

Juu ya yote hayo, ufupisho ni mali ya mazungumzo na ya barua kwa rafiki. Katika barua ya kazi, katika maelezo ya polisi, katika karatasi yoyote ambayo mtu utakayekuwa hupo ataisoma na kukuhukumu kwayo, andika neno zima. Mezani kwa meneja hakuna uso wako wala sauti yako ya kueleza ulichokusudia.

Tuliketi pale barazani, mimi, mzee na binti yake, tukaandika upya: "I did not put the key there. I would never put it there." Binti ndiye aliyeshika kalamu, na kila neno alilisoma kwa sauti kabla ya kuliandika. Chini yake mzee akaongeza kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili: "Sikuuweka, na sijapata kuuweka."

"Hii ya mwisho," alisema akikunja karatasi, "hata mimi naielewa."

Jumatatu jioni alinipitia. Barua imepokewa na kuingizwa katika jalada, na sasa wanaulizwa wote waliowahi kupewa ufunguo wa stoo. Shauri halijakwisha, lakini neno la kukiri ambalo hakulisema limeondolewa shingoni mwake.

Leo baada ya chakula, wape watoto sentensi hizi tatu, nao waseme "d" ni ya mzazi gani: "She'd already cut the bread." "She'd rather run." "She'd always come on Friday." Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Wakikuambia kwamba ya tatu haijulikani mpaka iandikwe kwa ukamilifu, wapongeze, wameelewa.